Msumari wa Kona ya Pili

Fundi wa marumaru amepiga goti barazani,
Keko Magurumbasi, nyumba ya marehemu bibi.
Anapitisha kidole kwenye mifereji miwili
inayokwenda sambamba, inapinda, inarudi.
Hii ilikuwa ya nini, bosi?
Namjibu: Ya maji.

Uongo. Maji yalikuja baadaye.
Kwanza zilipita gari.

Ilianza na Kondo, aliyetumwa mjini kununua uzi,
akarudi bila uzi, macho yamemtoka:
dukani Mtaa wa Jamhuri, nyuma ya kioo,
gari mbili ndogo, nyekundu na ya kijani,
zinafukuzana ndani ya ufa, zenyewe,
hazishikwi na mkono, zinakunywa umeme.
"Zina njia yao kama treni," alisema,
"ila hazina adabu ya treni."
Akachapwa kwa ajili ya uzi. Hakulia.
Alikuwa bado anaziona.

Sisi umeme wetu ulikuwa wa taa moja.
Lakini wiki ile bibi alipata saruji,
mifuko minne ya Wazo, kwa kibali, kwa foleni, kwa kubembeleza,
na fundi Lihumbo akalaza baraza saa kumi jioni,
akaondoka akisema: Asikanyage mtu, hata kuku.
Kuku hawakukanyaga.

Tulilala kifudifudi juu ya ubao,
mimi na mpini wa kijiko, yeye na spoku ya baiskeli,
tukachora njia mbili kwenye uji wa saruji
polepole, kama watu wanaomnyoa mtoto mchanga.

Asubuhi imekauka. Bibi alitazama,
akatazama mifuko mitupu,
akanitazama mimi.
Fimbo nimeisahau. Nakumbuka alivyopiga hesabu
ya saruji ya kuziba, midomo ikicheza,
akaacha.

Gari tuliziunda kwa masalia ya mninga
tuliyookota kwa mafundi vitanda:
magurudumu ya kandambili, ekseli ya spoku,
bomba la kalamu likawa bushi,
na chini ya tumbo msumari mmoja
uliozama mferejini na kuishika njia.
Mpira wa tyubu ulivutwa kati ya nguzo mbili,
ukaachiwa, pwaa!
na mbao zikalia kwenye kona kama paka.

Yangu niliiita Leilandi. Yake, Shemeji.
Hakueleza kwa nini.

Jumamosi ya mwisho, kabla hawajahamia Tandika,
tuliwekeana gololi kumi na mbili.
Kona ya kwanza nilikuwa mbele.
Kona ya pili Leilandi ikasimama ghafla, ikabinuka,
ikaangukia mtaroni magurudumu juu,
na Shemeji ikapita taratibu kama bibi harusi.
Nikasema umeweka mchanga. Akasema sijaweka.
Nikasema umeweka.
Gololi sikutoa. Mkono sikutoa.
Alipopandishwa juu ya magodoro kwenye mkokoteni
nilijifanya nahesabu kuku.

Miaka thelathini na nne
masika yalishindana yenyewe kwenye njia zile,
bibi ameketi na ukili wake, anatazama,
na saruji ilipojaa madukani
hakuagiza hata kilo.

Sasa fundi anachokonoa kona ya pili kwa patasi.
Kuna kitu hapa, bosi. Kimeng'ang'ania.
Anakiweka kiganjani mwangu:
kichwa hakuna, kutu tupu, nusu inchi ya msumari
uliokatikia ndani ya njia yangu.
Niliupigilia mwenyewe. Upande. Kwa jiwe. Nina haraka.

Namba ya Kondo ninayo. Anaendesha semi za Tunduma,
tunakutana misibani, tunaulizana hali.
Naupiga picha msumari, natuma, bila neno.
Fundi anakoroga gundi ya marumaru.
Namwambia ngoja kwanza.
Ngoja nini, bosi?

Simu inatikisika.
Kondo: Lete gololi.