Ziwa Halina Reli

Kiinua mgongo kilituachia chenji ya boti.
Tukateremka Kyela na wajukuu wanne, mkungu wa ndizi begani,
tukakaa siku tisa bandarini Itungi:
chumba kimoja, chandarua kimoja, miguu kumi na miwili.

Ambakisye, dereva wa Tazara,
aliingia botini akatafuta breki.
"Ziwa halina reli, babu," akasema Tusajigwe,
wenzake wakacheka mpaka boti ikayumba.

Miaka thelathini na mmoja
alilala Makambako, Mlimba, Kapiri.
Watoto nililea mimi. Yeye nilimjua kwa honi.
Leo tumekaa goti kwa goti,
anahesabu vichwa kama mabehewa:
mmoja, wawili, watatu...
Gwakisa yuko chini ya turubai,
anatafuna kitumbua kilicholowa.

Katikati ya maji injini ikakohoa, ikanyamaza.
Hata watoto walinyamaza.
Mzee akadaka kasia, akapiga maji upande wake,
tukazunguka,
tukazunguka,
milima ya Livingstone ikatupita mara mbili.

Nikavua kanga ya kichwani, nikashika kasia la pili.
"Huku ni kwangu," nikamwambia.
Boti ikanyooka.
Gwakisa akauliza kama vitumbua vimebaki.