Sikio la Ghislaine

Mkataba ulitiwa saini Septemba, kwa kalamu tatu:
mkuu wa chuo cha uhandisi, mkurugenzi wa maabara,
na bosi wetu Lavergnas, tai yake ina doa la chokaa.
Tukapigwa picha. Tukapewa keki.
Kila mtu akarudi kwake, na sahani zikaendelea kupasuka.

Zikiingia tanurini mia, kumi na saba zilitoka zimekufa.
Ufa mwembamba kuliko unywele, jicho halioni,
ila nikigonga kwa ukucha
nzima hulia *ngiii*, yenye ufa hujibu *ko*.
Miaka thelathini na minne hapa Limoges
nimelipwa kwa kugonga.

Februari akaja Tiphaine, mwanafunzi wa mwaka wa tatu,
na buti mpya na daftari la miraba,
anadonoa maswali kama kuku.
"Unasikia nini?"
"Nasikia *ko*."
"*Ko* ni hezi ngapi?"
Nikacheka hadi nikakohoa vumbi.
Hakucheka. Alifunga kinasa sauti mezani kwangu,
akaniomba nigonge sahani elfu mbili.

Zile za *ko* maabara wakazikata,
vipande vyembamba kama ganda la kitunguu,
wakaziweka chini ya hadubini, wakatuletea picha:
chembe za kwatzi, kila moja na ufa wake pembeni,
mfano wa jicho na kope.
Daktari Abgrall akaeleza: joto likishuka
likafika nyuzi mia tano sabini na tatu,
chembe hizi hujikunja ghafla.
Hapo pozeni taratibu,
kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

Nani basi alikuwa na haraka?

Kimya. Odilon wa tanuri akatazama viatu vyake.
Basi la mwisho la kwenda kwao
huondoka saa nne kasoro dakika ishirini usiku.
Akichelewa kufungua mlango wa hewa
hulala juu ya magunia ya kaolini.
Miaka sita!
Maradhi yaliyofichwa yakatuumbua sote,
maana hakuna aliyewahi kumuuliza anarudije nyumbani.

Lavergnas alifura. Tiphaine akachukua chaki,
akaandika ukutani: teksi ya mwezi mzima
ni bei ya sahani arobaini.
Akarudisha chaki mahali pake.

Sasa katika mia hufa tatu. Hizo tatu
hatujui bado, wala chuo, wala maabara, wala mimi.

Ripoti ina kurasa sitini na moja, nusu yake siielewi.
Lakini ukurasa wa tisa, kwenye orodha ya vifaa,
kati ya hadubini na kipimajoto, kaandika:
*Sikio moja, Ghislaine Peyrataud.
Usahihi: asilimia tisini na nane.*

Nimeukata, nimeubandika juu ya sinki.
Nikiosha vyombo nausoma,
na zile mbili katika kila mia
bado zinaniuma.