Kazi Kumi na Tisa

Nina kazi kumi na tisa, miaka sita,
na mteja wa Jumatatu kasema: nitumie chache.
Chache ni ngapi?
Ngara usiku huu, duka la vipuri chini limefungwa,
jenereta ya jirani inakohoa,
nami nachagua kurasa zangu kama mchele:
hii chuya, hii jiwe, hii labda.
Kizuri chajiuza, wanasema.
Waliosema hawakuwahi kuomba kazi mjini hapa.

Ya kwanza, hoteli ya Kilimani.
Bwawa, maji ya samawati; kila aionaye husema lo!
Lakini bwawa si langu. Ni la Wanjala, mpiga picha,
aliyelala kifudifudi kwenye saruji
tangu saa kumi na moja alfajiri akilingoja jua.
Changu ni kitufe cha kuweka nafasi,
ambacho hakuna aliyewahi kukisifu
kwa kuwa hakikumsumbua mtu.
Utaonyeshaje kitu kisichosumbua?

Ya pili, ya nne, ya saba: zimekufa.
Kikoa hakikulipiwa; ukiikanyaga anwani
unatumbukia kwenye tangazo la kamari.
Chekechea ya Bi. Kerubo, kule Umoja:
twiga niliyemchora siku tatu
leo ni gurudumu la bahati nasibu.
Ningalijua, ningaliipiga nyumba picha
siku ile ile ya kukabidhi ufunguo.

Ya tano i hai, na heri ingekufa.
Nilimwachia daktari wa meno ukurasa mweupe, mtulivu.
Akaja mpwa wake na kompyuta mpya.
Sasa herufi zinacheza,
na theluji inaanguka, mwaka mzima, juu ya Pangani.
Jina langu bado liko pale chini.

Ya kumi na moja ndiyo bora kuliko zote
na siwezi kuionyesha. Nilitia saini.
Naweza kusema tu: palikuwa na foleni ya wenye akiba
hadi barabarani. Sasa haipo.

Na ya kumi na nne.
Muthengi, seremala wa majeneza, jirani na mochari.
Nilimpelekea maua, mawingu, mshumaa.
Akatazama, mkononi ana msasa,
akasema: "Mtu anayekuja kwangu amelia, haoni vizuri.
Bei iwe kubwa. Simu iwe kubwa.
Na huyo mama anayetabasamu, mtoe."
Kurasa mbili tu. Nikaona aibu.
Nimeificha miaka minne;
nani huweka jeneza dirishani?

Ila aliwahi kunipigia, hakuwa na shida,
alitaka tu nijue: dada mmoja wa Kitale,
kaka yake amefia huku,
saa nane usiku aliiona bei kwenye simu yake
bila kumuuliza mtu yeyote
kwa sauti ile ya kulia.

Mteja wa Jumatatu anauza keki za harusi.

Nimeyatanguliza majeneza.
Chini yake nimeandika, bila kupamba:
alichotaka Muthengi; nilipokosea (maua);
aliyenirekebisha (yeye);
aliyeandika msimbo: Odera, si mimi.
Kisha nikagundua Odera nimemwandika kwa kijivu, herufi ndogo,
kama deni mtu analotumaini litasahaulika.
Nikamkuza, tukalingana.

Kinafuata kitufe, na jina la Wanjala kando ya bwawa lake.
Halafu foleni isiyokuwapo, sentensi moja, haina picha.
Halafu twiga wa penseli kutoka daftarini,
maana wa kompyuta hayupo tena, na nimesema hayupo.
Nne. Kumi na tano zimerudi kabatini,
nyingine zinaninunia.

Jenereta imenyamaza. Betri, asilimia tisa.
Natuma.
Mwenye keki akishtukia jeneza, basi, yamekwisha.
Akisoma mpaka kwenye ile saa nane ya usiku
tutaelewana, hata kuhusu bei.