Waya wa Kusikilizia

Antena ya kurushia ipo juu ya bati.
Kusema, inasema. Kusikia, hapana:
usiku, kwenye mita themanini,
inaokota kila takataka ya Kibosho,
chaji za simu, taa za bei rahisi,
mashine ya kuchomelea ya akina Kimambo.

Mgongoni mwa redio kuna tundu dogo
nililolifunika kwa plasta miaka yote.
Nimelibandua. Nimeunga na rilei:
nikibonyeza kuongea, tak!
sikio linajitenga
lisiungue kwa sauti yangu mwenyewe.

Kilichobaki ni waya. Mita mia,
utambae chini ya migomba kuelekea mlimani.
Lakini kihamba changu kinaishia mita sitini,
penye masale. Ng'ambo ni kwa Eliapenda,
kaka yangu, mwaka wa saba hatusalimiani
kwa sababu ya mringaringa mmoja
ulioanguka upande usio wake.

Nilikwenda na jani la sale, nimelipiga fundo.
Hakulipokea upesi.
"Huo waya wako unasema nini?"
"Hausemi. Unasikia tu."
Akacheka kwa puani.
"Pitisha. Ukikata mgomba, utanijua."

Saa nane usiku kelele zilishuka
kama maji ya mfereji yaliyofungwa huko juu,
na chini yake, nyembamba,
mtu wa mbali akaita. Akaita tena.

Sikubonyeza.
Ng'ambo ya masale kaka alikuwa anakohoa,
kikohozi kile kile cha baba.
Nikakaa, nikavisikiliza vyote viwili.