Mti Hausaini

Karatasi kumi na mbili, pini moja kwenye kona.
Sista Fidea alisema: kasome nyumbani, mzee Nampota,
leo, kesho, hata wiki nzima,
hakuna anayekukimbiza.
Nimetoka nazo Mtwara mjini hadi Kitangari
ndani ya mfuko wa salfa uliofuliwa.

Ukurasa wa kwanza tu, tumekwama.
"Nasibu." "Kundi linganishi."
Somoe ndiye msomaji, miwani yake ina mguu mmoja;
akifika kwenye "tezi dume" anashusha sauti
kama vile kuku watasikia.

Soma kwa nguvu, mke wangu.
Tezi hiyo imeniamsha mara sita kila usiku,
hospitali nzima inaijua,
acha na kuku waijue.

Kisha nikaukumbuka mwaka wa ubwiriunga.
Kijana mmoja, mtafiti, alikuja kutoka Naliendele
akaniomba ekari moja ya mikorosho.
Alikuwa na vitambaa: vyekundu, salfa tuliyoizoea;
vyeupe, salfa ileile na juu yake dawa mpya.
Nikamwonyesha pa kufunga vyeupe,
miti mizuri, ile ya karibu na nyumba.
Akacheka, akavua kofia, akatia vikaratasi, akatikisa.
"Ukichagua wewe, mzee, au nikichagua mimi,
dawa mpya tutaipa miti tunayoipenda,
halafu tutaisifu dawa kwa nguvu ya mti."

Basi Somoe, safari hii mkorosho ni mimi.
Dakta hatanichagulia kitambaa,
wala hatakiona rangi.
Sindano ya homoni nitachomwa, kundi lolote niangukie;
kidonge ndicho fumbo:
huenda dawa, huenda unga mtupu uliovishwa sura ya dawa.

"Unga?" Akaziweka karatasi mkekani.
"Nauli yote ile, kwa unga?"

Sikuwa na jibu.
Nikachukua kalamu ya mnada,
nikaandika nyuma ya stakabadhi ya korosho:
Unga wa nini?
Ikinidhuru, nani ataniuguza?
Nikichoka nikajitoa, sindano mtaninyima?
Na chini kabisa, herufi ndogo, Somoe asione:
Je, na mambo ya chumbani?

Alhamisi Dakta Mkapunda alijibu moja baada ya jingine
bila kutazama saa.
La unga: mtu akiamini kapewa dawa, mwili humdanganya,
na daktari naye huona anachokitamani;
ndiyo maana hata yeye amefichwa.
La kudhurika limo ukurasa wa tisa, tukausoma neno kwa neno.
La kujitoa: mlango hauna kufuli, sindano inabaki yako.
La chumbani alilijibu polepole.
Sindano yenyewe huizima hamu. Kidonge, hatujui.

Hatujui.
Siku hiyo alilitamka mara nne.
Nimeuziwa dawa stendi ya Newala
na watu wanaojua kila kitu.
Huyu ndiye wa kwanza kunipa kutojua kwake mkononi,
kama chenji,
akaihesabu mbele yangu.

"Na kupona?"
"Sikuahidi, mzee. Faida huenda ikamkuta mwingine, wewe ukiwa umeshatoka."

Usiku Somoe aliuliza ilikuwaje ile ekari.
Dawa mpya haikuishinda salfa, nikamwambia.
Miti ya vitambaa vyeupe ilizaa sawa na mingine,
mmoja ukapukutisha majani.
"Kwa hiyo ilikuwa kazi bure."
Bure? Msimu uliofuata, Kitangari nzima
hakuna aliyeuza mbuzi kuinunua dawa ile.

Akanyamaza. Kibatari kilikuwa kinakula utambi.

Mkorosho haukuulizwa, Somoe.
Ulifungwa kitambaa, ukasimama.
Mimi nimeachiwa mstari mtupu, ukurasa wa mwisho,
na mwingine chini yake, wa shahidi.

Kalamu ikagoma, wino umeganda.
Somoe akaichukua,
akaipulizia pumzi ya moto mara mbili tatu,
akajaribu kwenye kiganja chake,
akanirudishia.