Mita Mia za Mwisho

Subilaga alinipigia simu: Saa moja na robo tu, baba,
Dar hadi Songwe. Chai utakayobeba haitapoa.
Nikacheka. Miaka ishirini na sita nimeshika usukani,
Fuso kwanza, kisha Scania ya tajiri mmoja wa Mafinga,
na chai ya safari ile sijaiona isiyopoa.

Nikaazima rula ya mjukuu wangu Lugano,
nikailaza juu ya ramani ya kitabu chake cha jiografia.
Mstari ulikwenda moja kwa moja, kama mtu asiyedaiwa:
haukupanga foleni kwenye mizani ya Mikese,
haukungoja tembo avuke Mikumi,
haukujua kwamba Kitonga hupandwa kwa gia ya kwanza,
utingo akitembea kando na gogo la kuzuia tairi.
Sentimita saba.
Nikasema, njia ya mwongo fupi.

Alfajiri nilikuwa Songwe, koti mwilini, chupa kwapani.
Ukungu umelala uwanjani
kama ng'ombe mwenye mimba asiyetaka kuinuliwa.
Saa mbili kasoro tukaisikia.
Wote tuliokuja kupokea tukainua videvu, tukatazama weupe.
Ikapita. Ikazungukia Mbalizi. Ikapita tena.

Mwanangu yuko pale juu, mkanda kiunoni,
labda anatafuta bati letu jekundu,
nami huku chini nimeshika kifuniko cha chupa.
Safari yote imeshaliwa; zimebaki mita mia za ukungu,
na hizo hakuna wa kuzikata.
Mara ya tatu mlio ukageukia mashariki,
ukawa nyuki,
ukawa kitu ninachodhani nimekisikia.

Imerudi Dar, alisema binti wa dawatini.
Nikamimina. Chai bado moto.
Kwa hilo mwanangu hakudanganya.

Jioni ile akapanda basi.
Ujumbe: Mikese, tunapimwa.
Ujumbe: Mikumi, giza, sijaona hata pundamilia.
Kisha kimya, hadi saa saba usiku:
Baba, tumeanza kupanda. Dereva kabadili gia,
nimeisikia tumboni.

Uyole, chini ya blanketi,
mguu wangu wa kushoto ukakanyaga klachi.
Usilale, nikamwandikia, kidole kikitafuta herufi.
Ukiona taa za Ilula, umeshapanda.
Sikulala nami. Nilimpitisha Iringa, nikampitisha Makambako,
Igawa nikapunguza mwendo, kuna trafiki pale,
Chimala nikasinzia kidogo, Mungu anisamehe,
na basi halikuanguka.

Saa mbili asubuhi alishuka, macho mekundu,
mkononi fungu la vitunguu vya Ilula.
Juu yetu ndege ya siku hiyo ilikuwa inashuka kwenda Songwe,
anga safi, bluu, halina hata aibu.
Hakuitazama. Hakunisalimia.
Akasema, Ile Kitonga.
Nikasema, Naam.