Chembe

Suhar, zamu ya usiku, mkesha wa Idi.
Pampu namba nne inachechemea:
inavuta, inasita, inashikwa na kwikwi.
Geji haijasema kitu.
Kiganja changu kimeshajua.

Nafunga njia, nashusha presha mpaka sifuri,
nafungua vali ya mafuta.
Springi nzima. Kiwambo kizima.
Gololi tu haikai kitini:
chini yake chembe ya chuma,
ndogo kuliko ufuta.

Naosha, napangusa, narudisha,
natoa hewa hadi mafuta yaje bila povu.
Pampu inakohoa mara moja,
kisha inashika mwendo.

Alfajiri Thuwaiba anapiga simu ya video.
Namwonyesha kidole.
"Mbona sioni kitu?"
Nakisogeza karibu.
"Hiyo ndiyo iliyokulaza kazini?"
Hiyo.
"Basi njoo nayo. Nitaipakulia."